Kipumulio cha Pili



Luka Mtakatifu, alipoandika safari ya Paulo kwenda Rumi, alituachia sura mbili ambazo sisi watu wa pwani twazisoma kwa raha kuliko wenzetu wa bara. Ni sura ya 27 na ya 28 ya Matendo ya Mitume. Mwandishi yule aliijua bahari. Ataja upepo kwa jina lake, ataja nanga nne zilizotupwa upande wa tezi, ataja bildi iliyoteremshwa gizani mara ya kwanza na mara ya pili ili mabaharia wajue kina. Chomboni walikuwamo watu 276, na kwa siku 14 hawakula chakula kwa hofu waliyokuwa nayo.

Zamani hizo siku 14 tulizisoma na kupita. Tangu mwaka 2020 hatuwezi tena. Mwezi wa Machi mwaka ule serikali yetu iliagiza kwamba mtu aingiaye kutoka nchi zilizopatwa na ugonjwa wa Korona atengwe siku 14 kwa gharama yake mwenyewe. Na mgeni gani wa likizo, aliyepewa na mwajiri wake wiki mbili tu za kupumzika, atakubali kuzimaliza zote chumbani akitazama dari? Kwa hiyo hata kabla ndege hazijazuiwa, wageni walikuwa wamekwisha kukata shauri. Kisha katika Pasaka ile ile, iliyoangukia tarehe 12 Aprili, ndege za abiria kutoka nchi za nje zilisimamishwa zote. Tuliimba Aleluya asubuhi, na jioni tukatazama mbingu isiyo na ndege hata moja.

Hatuandiki haya ili kufufua mabishano ya siku zile, nani alinyamaza na nani alipiga kelele. Hayo wanayo wenyewe. Sisi tuna neno juu ya ndugu zetu wa boti za wazamiaji, na sehemu kubwa ya neno hilo yatuhusu sisi wenyewe, Halmashauri ya mtaa huu.

Wasomaji wetu wa mjini huenda hawaijui kazi yenyewe. Wako wageni wajao Unguja kwa ajili ya Mji Mkongwe, na wako wajao kulala mchangani. Lakini wako pia wajao kuyatazama yaliyo chini ya maji: matumbawe ya Mnemba, au kuta za miamba za Pemba zinazoteremka mpaka gizani, au kule Mafia, palipoanzishwa hifadhi ya bahari ya kwanza ya Tanzania mwaka 1995, na ambako papa potwe, samaki mkubwa kuliko samaki wote na asiyemla mtu, huja karibu na Kilindoni wakati wa kaskazi. Mgeni mmoja wa namna hii hulisha mikono mingi. Yuko nahodha, yuko baharia wa nanga, yuko mtu wa kompresa anayejaza mitungi tangu alfajiri, yuko kiongozi anayeshuka na mgeni majini, yuko fundi wa mashine, na yuko mama anayekata mananasi na kuyapanga kwenye sinia ya boti. Mshahara wa wengi wao ni mdogo. Kinachosomesha watoto ni bakshishi.

Walio katika kanisa letu, wengi wametoka Muheza, Korogwe, Masasi na Newala, watoto wa Waanglikana tangu enzi za babu zao. Wengine hawakuiona bahari mpaka walipokuwa watu wazima. Leo mtu wa Masasi amshika mkono Mzungu meta 18 chini ya maji na kumwonyesha pweza alikojificha. (Siku moja mmoja wetu wa Halmashauri, jina tunalihifadhi, alikubali kujaribishwa kwenye maji ya kifua. Alitoka baada ya dakika mbili, akatema, akasema kwamba Mungu aliumba samaki siku ya tano na mtu siku ya sita, wala hakukosea kuwatenga.)

Tukiri kwamba hatukuwa tunawapenda sana. Jumapili ndiyo siku ya kazi kwao, na viti vyao vilikuwa vitupu. Tuliwasema. Tulisema wamemwacha Mungu kwa ajili ya dola. Kumbe bahari haina Jumapili, na maji kujaa na kupwa hakungoji kengele ya Misa.

Watu hawa wameizoea njaa ya masika. Kila mwaka mwezi wa Aprili na wa Mei mvua hunyesha, mahoteli mengi hufunga, na mwenye akili ameweka akiba ya miezi miwili. Kwa sababu hiyo, mwanzoni mwa mwaka ule wa 2020, hakuna aliyeogopa kupita kiasi. Walisema: masika imewahi, basi. Tarehe 18 Mei anga ilifunguliwa tena, na mwezi wa Juni Zanzibar ikatangaza kwamba yapokea wageni. Vijana wetu wakapaka boti rangi.

Lakini mlango una pande mbili. Sisi tulikuwa tumefungua wa kwetu, na wageni walikuwa wamefungiwa kwao. Huyu serikali yake imemwonya asisafiri; yule akisafiri bima yake haimtambui; wa tatu akirudi atatengwa siku nyingine nyumbani kwake. Mwaka 2019 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 538,000. Mwaka 2020 walifika kama 260,000, na miezi ya katikati ilikuwa mikavu kama chungu kilichopinduliwa. Mwisho wa mwaka walikuja Warusi wengi, tukashukuru, ingawa vijana wasema kwamba wengi wao walipenda mchanga kuliko mitungi. Kisha Januari 2021 Uingereza ikawafungia wasafiri watokao Tanzania, na kizuizi kile hakikuondolewa mpaka Oktoba. Aprili 2021 Urusi nayo ikasimamisha ndege zake za kuja huku. Kila mlango uliofunguka nusu ulirudi tena usoni mwa mtu.

Visiwa vyetu si vigeni wa mambo haya. Pale Changuu, mbele ya mji, liko jengo lililojengwa mwaka 1893 liwe gereza. Halikupata kutumiwa kwa kazi hiyo. Likageuzwa kuwa mahali pa kuwatengea wasafiri wa vyombo kwa hofu ya homa ya manjano. Leo wageni huenda huko kutazama kobe na kuogelea. Watu huiita Kisiwa cha Gereza, nasi twadhani ingefaa zaidi kuitwa Kisiwa cha Kungoja.

Kungoja kwa mtu wa bahari si kupumzika. Mwenye shamba akikaa miezi mitatu, muhogo wake waendelea kukua ardhini. Mwenye boti akikaa miezi mitatu, mbao zakauka, zaachana, na pamba ya kalafati yatoka. Siku ya kushusha chombo, maji yaingia kama kwenye kapu. Kompresa huliwa na chumvi. Mipira ya kupumulia hupasuka. Mitungi ina tarehe zake za kupimwa, na tarehe hizo haziulizi kama mteja amekuja. Kwa hiyo asiyepata hata senti bado adaiwa fedha na vyombo vyake vilivyolala.

Na iko hasara nyingine ambayo hatukuifikiria mpaka ilipotufikia. Matumbawe yetu mengi yalindwa kwa fedha ya wageni. Chumbe, mathalani, tangu ilipowekwa hifadhi mwaka 1994, imetunzwa kwa kiingilio cha watu wajao kuitazama, na walinzi wake wa kwanza walikuwa wavuvi wa huku huku waliofundishwa kuulinda mwamba waliokuwa wakiuvua. Mgeni asipokuja, mlinzi atalipwa na nani? Na yule kiongozi wa wazamiaji, ambaye kwa miaka 8 amewaambia wageni wasiguse kitu chini ya maji, wasikanyage, wasichukue hata gome la konokono, atafanya nini siku watoto wake watakapolala na maji ya moto? Amjua kila pweza alipo. Ajua pango la kamba-mawe. Ana miwani, ana mapezi ya miguuni. Kinachokosekana ni mshale tu.

Waliotuokoa wengi ni wanawake. Kilimo cha mwani, kilichoanza kwa biashara hapa Zanzibar mwaka 1989 na ambacho waume wengi walikicheka kwa kuwa bei yake ni ndogo, kilirudisha sufuria jikoni. Mama mmoja wa Umoja wa Akina Mama alituambia kwamba mumewe, nahodha mzima, alikuja kumshikia kamba na vigingi bamvua lilipotoa maji, akiuliza kila kitu kama mtoto wa darasa la kwanza. Alicheka alipotuambia. Sisi pia tulicheka, na haikuwa kicheko cha kumdharau mtu.

Sasa tuseme juu ya kazi ya chini ya maji, kwa maana ndani yake tuliona jambo ambalo hatukuliona madhabahuni.

Mzamiaji hashuki peke yake. Hushuka na mwenzake, na kabla ya kuruka majini kila mmoja hukagua vyombo vya mwingine: mkanda, vifungo, mtungi umefunguliwa, hewa ni kiasi gani. Na kila mzamiaji ana vipumulio viwili. Kimoja hukitia kinywani mwake. Cha pili, ambacho aghalabu kina rangi ya manjano na mpira mrefu zaidi, hukining'iniza kifuani mahali paonekanapo. Mmoja wa vijana wetu alipotuonyesha vyombo hivi tulimwuliza kama kile cha pili ni cha akiba, cha kwanza kikiharibika. Akasema, “Chaweza kufaa hivyo, Padri, lakini hasa si changu. Hiki ni cha mwenzangu.” Mwenzake akiishiwa hewa, huukata mkono shingoni kama kisu, ndiyo ishara, naye hukichukua kile cha manjano, wakashikana mikono, na mtungi mmoja ukawapumulisha wawili.

Tukamwuliza tena: na safari ya kutazama samaki, je, yaendelea? Akatuangalia kwa mshangao. Safari imekwisha kwa wote wawili. Kadiri mtu anavyozama ndivyo hewa inavyokwisha upesi. Kwa meta 10 pumzi moja hula hewa mara mbili ya ile ya juu, kwa meta 20 mara tatu, na mkiwa wawili kwenye mtungi mmoja haichukui muda. Basi huanza kupanda hapo hapo. Wala hawapandi kwa pupa. Hupanda polepole, bila kuzuia pumzi, na kama hewa yatosha husimama kwenye meta 5 kwa dakika 3 ili mwili utoe ulichokimeza kule chini, ndipo watokeze juu. Mwenye hewa nyingi hapati nafasi ya kusema, “Wewe tangulia, mimi bado natazama kasa.”

Iko habari nyingine ya mitungi hii. Mwanzo wa mwaka 2021 nyumba nyingi zilikuwa na mtu anayehangaika kwa pumzi. Mama mmoja wa kanisani alimwita mwanawe, mtu wa kompresa, akamwambia, “Mwanangu, stoo yenu imejaa mitungi. Mletee baba yako mmoja.” Ilimpasa kijana amweleze mama yake kwamba katika mitungi ile hamna dawa, hamna oksijeni ya hospitali, ni hewa hii hii ya barazani, imesukumwa tu kwa nguvu. Aliyajaza maelfu ya pumzi za wageni kwa miaka mingi, na siku ile hakuwa na hata moja ya kumfaa baba yake. Mzee alizikwa siku ya Alhamisi. Kijana alituambia kwamba mama yake bado humwuliza, mara moja moja, kama alisema kweli.

Turudi kwa Luka. Usiku ule wa kumi na nne mabaharia walishusha mashua ndogo, wakijifanya wataka kutupa nanga za mbele, kumbe walikusudia kukimbia na kuwaachia wengine chombo. Paulo akawaambia askari kwamba watu wale wasipobaki chomboni, hapana atakayeokoka; nao askari wakazikata kamba, mashua ikachukuliwa na maji. Zamani tulidhani neno la hapo ni uaminifu wa Paulo kwa Mungu. Ni kweli. Lakini lipo pia jambo la kazi: askari hawajui kuendesha jahazi. Bila mafundi wa tanga na usukani, silaha zao si kitu. Kila kundi chomboni lilishikilia uhai wa kundi jingine.

Mwaka 2020 tuliiona mashua ile ikishushwa. Mwenye kituo kimoja cha wazamiaji aliondoka na mojawapo ya ndege za mwisho, usiku, na ufunguo wa stoo mfukoni, na mishahara ya Machi haijalipwa. Labda naye alikuwa na watoto waliomlilia huko kwao, hatumjui moyo. Mwingine, wala si tajiri kuliko yule, aliwakusanya wafanyakazi wake wote chini ya mkungu, akafungua daftari la hesabu mbele yao, akawaonyesha fedha iliyobaki, akawauliza waigawe vipi. Waligawa nusu mishahara kwa miezi mitatu, na waliokuwa na watoto wengi waliongezewa kidogo. Fedha ilikwisha Julai. Boti zake ndizo zilizoanza kwenda baharini kwanza wageni waliporudi, kwa kuwa hakuna hata mtu mmoja wake aliyemkimbia.

Basi, na sisi? Halmashauri ya mtaa ilishika upande gani wa kamba?

Mwezi wa Julai 2020 alikuja kwetu kijana mmoja, kiongozi wa wazamiaji, Mkristo wa kipaimara, aliyekuwa akituletea zaka yake katika bahasha hata Jumapili alizokosa Misa. Aliomba nauli ya boti mpaka Dar es Salaam na ya basi mpaka kwao kusini, yeye na mke na mtoto mchanga. Akaahidi kuirudisha. Tulikuwa na fedha. Zilikuwa katika kisanduku cha mabati ya kanisa, zimehesabiwa, na mabati yalikuwa hayajanunuliwa. Tulizungumza muda mrefu. Mmoja akasema tukimpa huyu watakuja 10. Mwingine akauliza alifanya nini na dola za miaka 8. Hapana aliyeuliza mtoto ana umri gani. Katika kumbukumbu za mkutano iliandikwa kwamba Halmashauri imesikitika na itamwombea, naye aliambiwa hivyo mlangoni, amesimama.

Wiki tatu baadaye alikamatwa na mshale kwenye mwamba uliokatazwa. Waliomkamata walikuwa walinzi aliowahi kula nao wali mmoja. Alipelekwa kwa sheha, akatozwa faini, na aliyemlipia ni mwenzake wa majini, kijana Mwislamu wa kijiji hiki, aliyeuza simu yake. Mwezi wa Septemba tulinunua mabati. Mabati ni mazuri, hayavuji.

Tulipojua haya tulianza kuulizauliza, na kila tulipouliza tulizidi kuona haya. Ramadhani ya mwaka ule ilianza mwisho wa Aprili. Vijana wetu walikuwa wanne katika vyumba viwili vya kupanga, nyuma ya msikiti. Kila magharibi, kwa mwezi mzima, mtoto wa jirani alileta bakuli lililofunikwa kawa: uji wa pilipili manga, muhogo wa nazi, siku nyingine tambi. Hakuna aliyewauliza wamefunga au hawakufunga. Mwenye nyumba aliwaambia kodi isubiri mpaka boti zitembee. Mambo haya yalitendeka hatua 200 kutoka nyumba ya Padri, nasi hatukuyajua, kwa kuwa hatukwenda.

Luka ameandika kwamba Paulo na wenzake walipofika nchi kavu, wengine wakiogelea na wengine juu ya mbao, watu wa kisiwa cha Malta waliwawashia moto kwa sababu ya mvua na baridi. Hawakuwa watu wa imani yao, wala hawakuijua habari ya Kristo. Walimwona hata Paulo kuwa mwuaji, nyoka alipomshika mkono, na moto hawakuuzima. Wageni wale walikaa miezi mitatu kwa kuwa bahari ya majira yale haipitiki. Na walipoondoka, wenyeji waliwapakilia mahitaji ya safari. Malta hiyo hiyo leo yaendewa na wazamiaji, na mwaka 2020 nayo ilizuia ndege kama sisi. Huko nako, twadhani, kuna aliyepika na kupeleka kwa jirani, na kuna aliyeandika kwamba amesikitika.

Mambo yamegeuka tangu hapo. Shirika la Afya Duniani lilitangaza tarehe 5 Mei 2023 kwamba hali ya dharura ya ugonjwa ule imekwisha, na mwaka 2024 wageni waliofika Zanzibar walizidi 700,000. Boti zajaa, mitungi yalia kwenye gari tangu saa 11 alfajiri, na viti vya Jumapili ni vitupu tena. Safari hii hatusemi neno. Tumeanza Misa ya Jumatano jioni, saa 12 na nusu, boti zikiisha kurudi, na wiki iliyopita walikuja 19, wengine bado wana chumvi masikioni.

Mwezi wa Februari tuliwatuma wawili wetu kwenda kwa kijana yule. Hakurudi kwao, yuko kijiji kingine cha upande wa mashariki, ameajiriwa, mtoto ameanza shule. Aliwapokea vizuri. Aliwakaribisha chai na chapati, akawasikiliza mpaka mwisho wakimwomba msamaha kwa jina la Halmashauri, wala hakusema amesamehe, wala hakusema hakusamehe. Wakamweleza juu ya kisanduku kipya: kwamba kila nyumba itatia kitu wakati wa msimu, tangu Julai mpaka Oktoba na tena Desemba mpaka Februari, kwamba fedha hiyo haitajenga wala haitanunua vazi wala kengele, kwamba itafunguliwa kwa ajili ya mtu wa mtaa huu au jirani yake aliyekosa kazi kwa jambo lisilo la kosa lake. Tulikuwa tumekipaka rangi ya manjano, na walipomwambia hivyo alitabasamu kidogo.

Kisha akauliza swali moja tu: “Na ufunguo anao nani?”

Hawakuwa na jibu, kwa maana ulikuwa kwa mtunza hazina, katika mtoto wa meza, pamoja na ule wa mabati. Tulikutana Jumamosi iliyofuata. Sasa kisanduku kina kufuli mbili. Ufunguo mmoja unao mtunza hazina. Wa pili unao nahodha aliyechaguliwa na watu wa boti wenyewe, na anapokuwa baharini unakaa kwa mkewe, shamba la mwani, amefunga kwenye ncha ya kanga. Kitafunguliwa mara ya kwanza na kuhesabiwa mbele ya wote Jumatano ya pili ya mwezi ujao, baada ya Misa ya jioni. Barua ya kumjulisha kijana yule siku hiyo imekwenda kwa mkono wa mwenzake wa majini.